Siku 134 na Saa Moja na Nusu

Ndege iondokayo Dar es Salaam hufika Tabora kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ukinyosha uzi juu ya ramani, umbali wake ni maili 450 au zaidi kidogo. Twafurahia wepesi huo. Lakini vijana wetu wasipofundishwa, watadhani njia ya Unyamwezi ilikuwa nyepesi siku zote.

Zamani za misafara, safari ilihesabiwa kwa makambi ya kulala. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Kwa mizunguko ya njia walikadiria maili 600. Basi mwalimu na awape watoto hesabu hii: 600 gawanya kwa 134. Jawabu halifiki maili 5 kwa siku.

Je, mpagazi alikuwa mvivu? Hasha! Mnyamwezi alichukua frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, akamfuata kirangozi tangu alfajiri, naye aliweza kwenda maili 10 kabla jua halijawa kali. Basi siku nyingine zilikwenda wapi?

Zililiwa na kungoja. Katika Ugogo msafara ulisimama mpaka hongo ya nguo na shanga ikubaliwe, ndipo watu wapate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Kabla ya Ugogo kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, ambayo maji yake yalikuwa ya chumvi. Na baada yake msitu wa Mgunda Mkali, ambao haukuvukwa pasipo kununua posho kwanza. Homa na ndui ziliwaangusha watu njiani. Na mbele ya Tabora, mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu vilifunga njia ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini.

Tena njia hiyo hiyo ilikanyagwa na watumwa katika minyororo, ambao hawakupata ujira wala hawakuchagua kwenda. Tukisimulia habari za wasafiri mashuhuri, hao nao tusiwapite kimya.

Mwaka 1873 Chuma na Susi pamoja na wenzao walifika Tabora wakiuchukua mwili wa Livingstone. Huko Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakashika njia tena, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Waliijua njia hiyo ilivyo, nao waliichagua.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ndipo miezi ikawa siku, na kazi ya wapagazi wa masafa marefu ikaisha.

Ndugu walimu, peleka watoto Kwihara, karibu na mji wa Tabora, wakaione nyumba ya tembe alimokaa Livingstone. Wafundisheni majina ya vituo kwa taratibu yake: Uzaramo, Usagara, Marenga Mkali, Ugogo, Mgunda Mkali, Unyanyembe. Nanyi wazazi, mkiwa na babu aliyesimuliwa na babu yake habari za mizigo na makambi, mwulizeni leo, mkayaandike maneno yake. Wapagazi walikuwa maelfu, na majina yaliyoandikwa ni machache mno.