Nilifungwa na Mtoto wa Shule

Mimi ni Bwana Shamba. Nina umri wa miaka 46. Mwaka jana niliingia katika mashindano ya sataranji mjini. Nilikuwa nimejifunza mchezo huo kwa miezi minne tu.

Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64. Kila mchezaji ana kete 16. Mfalme akishambuliwa na kukosa njia ya kuokoka, mchezo umekwisha.

Nilipangiwa msichana wa miaka 13. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia, "Marahaba." Moyoni nilifurahi, nikidhani nimepata mteremko. Kumbe alikuwa akicheza tangu darasa la kwanza.

Mfalme wangu alikuwa mstari wa nyuma. Mbele yake walisimama askari wangu watatu. Malkia wangu aliulinda mstari ule. Mara msichana akaacha farasi wake bila mlinzi. Haraka nikampeleka malkia, nikamla farasi. Naye akaingiza ngome yake katika mstari wangu wa nyuma. Mfalme alitaka kukimbia, lakini askari wangu mwenyewe walimziba njia. Nikawa nimefungwa.

Niliona haya. Msichana hakunicheka. Alirudisha kete mahali zilipokuwa, akauliza, "Mzee, kwa nini ulimla farasi?"

Nikajibu, "Hakuwa na mlinzi."

Akasema, "Ulimtazama farasi, ukamsahau mfalme. Lakini usisikitike. Hata Phiona Mutesi wa Uganda alishindwa mchezo wake wa kwanza huko Urusi, mwaka 2010."

Njiani nilimkumbuka mama mmoja wa kijijini kwetu. Nilikuwa nimemkaripia mbele ya wenzake kwa kuchanganya mahindi na kunde. Sikumwuliza sababu.

Kesho yake nilikwenda kwake. "Mama, kwa nini huchanganya mazao?"

Akajibu, "Mvua ikikatika mapema, mahindi hunyauka. Lakini kunde nakuwa nimekwisha kuzivuna. Watoto wanakula."

Tena kunde hufunika ardhi na kuiongezea rutuba. Hayo niliyasoma chuoni, nikayasahau.

Katika mkutano uliofuata nilimwomba radhi mama yule mbele ya wenzake wale wale. Ndugu wasomaji, anayejua zaidi na aulize kwanza. Mtoto wa shule ndiye aliyenifundisha hivyo.