Hata Liyongo Alikuwa na Kitovu

Msomaji mpenzi, je, umewahi kumpiga mtu unayempenda, kwa ombi lake mwenyewe, huku akikutazama usoni na kutabasamu? Mimi nimewahi. Nilikuwa na umri wa miaka 14, na nilichompigia ni mchi wa kinu wa bibi yangu.

Kisa hicho nimekificha kwa miaka mingi. Leo nakisimulia kwa sababu juzi mwanangu wa kiume, mwenye miaka 8, alirudi nyumbani kutoka mazoezi ya karate, akakaa mezani na sare yake nyeupe, akaniuliza: "Baba, ni kweli mtu akiwa na nguvu ya ki tumboni, hata kisu hakimwingii?"

Nilipaliwa na chai. Mama yake alidhani ni moto wa chai. Haikuwa chai.

Ewe mzazi uliye Nairobi, Mombasa au Nakuru, nawe mwanafunzi unayehifadhi pesa za nauli ili ulipe ada ya mazoezi, huenda swali hili limeshafika nyumbani kwako, na kama halijafika liko njiani. Basi nipe dakika chache nikupeleke kwetu Kipini.

Kwa asiyeijua, Kipini ni mji mdogo ulio kwenye mdomo wa Mto Tana, pale maji matamu yanapokutana na chumvi ya Bahari ya Hindi. Ukitoka Malindi unapita Garsen, unashika njia ya Lamu hadi Witu, kisha unakata kulia kuelekea pwani. Ni mji wa wavuvi, minazi na miembe. Wageni wachache wanaofika huko aghalabu huuliza jambo moja: liko wapi kaburi la Fumo Liyongo? Maana tangu zamani inasimuliwa kuwa shujaa huyo alizikwa upande wetu, karibu na Ozi.

Hadithi yake unaijua. Liyongo alikuwa jitu la nguvu, bingwa wa upinde na wa mashairi, na mwili wake haukuingiwa na mkuki wala mshale. Kitu kimoja tu kiliweza kumwua: sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Mfalme wa Pate, aliyemwogopa, alimhonga mwana wa Liyongo mwenyewe. Kijana akamdadisi babake hadi akaipata siri, akamchoma akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akatwaa upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima na kufia papo hapo, mshale ukiwa tayari kwenye upinde. Kwa siku kadhaa watu waliogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai.

Sisi watoto wa Kipini tulilelewa na hadithi hiyo. Kwa hiyo mwaka 2003, alipotujia kijana mmoja kutoka Mombasa kwa biashara ya samaki, akatuambia kwamba nguvu zote za mwanadamu hukaa vidole vichache chini ya kitovu, hatukuona ajabu. Tuliona ametuletea habari tuliyoijua nusu.

Kijana huyo alikuwa na mkanda wa kahawia wa karate. Sitamtaja jina, na wala sitamsema vibaya, kwani mengi aliyotufundisha yalikuwa ya kweli. Kila siku baada ya sala ya alasiri, maji yakiwa yamekupwa, alitupanga mchangani safu mbili. Tulikuwa wavulana kama 15, miguu mitupu, wengine na kaptura za shule.

Alitufundisha kwamba ngumi haitoki begani kama wengi wadhanivyo. Inaanzia kisiginoni kinachosukuma ardhi, inapita gotini, kiuno kinageuka kama mlango kwenye bawaba, ndipo bega na mkono hufuata. Mkono unaopiga unatoka kiunoni kiganja kikitazama juu, nao unajipindua mwishoni. Wakati huohuo mkono wa pili unavutwa nyuma kwa kasi ileile. Kinachogonga ni vifundo viwili tu, cha kidole cha shahada na cha kati, na kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, la sivyo utajivunja mwenyewe. Pumzi inatoka pamoja na pigo. Misuli inakazwa kwa nukta moja tu, kisha inalegezwa. Tulifunga kamba ya makumbi kwenye mnazi, tukaupiga mnazi ule hadi ngozi ikawa sugu.

Usiku tulikwenda kwenye banda la video, jenereta ikinguruma nje, tukamtazama Bruce Lee. Na tukirudi, njiani gizani, mwalimu wetu alituhadithia habari za ki. Wajapani huiita ki na Wachina huiita chi. Alisema ni pumzi ya uhai inayozunguka mwilini, na kwamba mtu akijua kuikusanya tumboni anaweza kuangusha mtu bila kumgusa, na hakuna pigo litakalomdhuru.

Babu yangu alikuwa akitusikiliza barazani siku moja, akashusha kikombe chake cha kahawa. "Wajukuu zangu," akasema, "Liyongo naye walisema hivyo hivyo, haingiliki na kitu. Lakini hata Liyongo alikuwa na kitovu." Tulicheka. Tulimwona mzee wa watu amepitwa na wakati.

Binamu yangu, mwana wa ami yangu, ndiye aliyeamini kuliko sote. Alinizidi miaka 2. Kila alfajiri alikaa ufuoni akivuta pumzi na kuishusha tumboni. Alianza kwa kuturuhusu tumpige ngumi za tumbo, naye hakutikisika. Wiki ya tatu akaniita nyuma ya jiko la bibi. Mchi ulikuwa umeegemea ukuta.

"Nipige," akasema. "Hapa chini ya kitovu. Usinionee huruma, utaniharibia."

Nilisita. Akanicheka, akaniita mwoga. Akafunga macho, akavuta pumzi, kisha akayafungua na kutabasamu. Nami nikapiga, si kwa nguvu zangu zote, lakini kwa nguvu. Sijui kama yeye aligeuka au mimi nililenga vibaya. Mchi uliteleza juu ukampata chini ya mbavu za kushoto.

Hakulia. Alikaa chini polepole, akasema, "Imeingia." Jioni alikuwa amepauka, jasho jembamba likimtoka, tumbo gumu kama ubao. Ami alitafuta gari usiku kucha, akapata pikapu ya samaki, wakamlaza juu ya magunia na kwenda naye Malindi. Wengu wake, au bandama kama wengine wanavyouita, ulikuwa umepasuka na damu inavujia tumboni. Alipasuliwa na wengu ukaondolewa. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu wangerudi na maiti.

Aliporudi Kipini ami hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu: "Nani aliwaambia?" Sikuweza kumjibu. Mwalimu wetu alikuwa ameshaondoka, na hata angekuwapo, hakuna siku aliyotuambia tupigane michi. Alitusimulia tu, nasi tukaamini.

Msomaji wangu, tangu nilipoingia katika kazi hii ya uandishi nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu jambo hili, kwa sababu nilitaka kujua kama tulidanganywa. Jibu nililopata ni kwamba tulipewa ukweli uliofungwa pamoja na uongo katika furushi moja.

Hebu tuanze na ukweli. Karate ilitoka katika kisiwa cha Okinawa. Mwalimu Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1957, ndiye aliyeipeleka Tokyo mwaka 1922 na kuieneza Japani. Jina lenyewe maana yake ni mkono mtupu. Pumzi ya tumboni, ile tuliyofundishwa mchangani, ni sehemu ya elimu hiyo, na ina faida halisi. Humtuliza mtu, huyakaza matumbo yanapohitajika kukazwa, na huufanya mwili wote usogee kama kitu kimoja.

Mwaka 1979 wanasayansi watatu wa Marekani waliandika matokeo ya uchunguzi wao kuhusu ngumi za karate. Mmoja wao alikuwa Ronald McNair, mwanafizikia aliyekuwa na mkanda mweusi, ambaye baadaye akawa mwanaanga na kufa katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Waligundua kwamba ngumi ya kushusha ya mtu aliyezoea hufikia kasi ya mita 10 hadi 14 kwa sekunde. Waligundua pia kwamba ngumi hufikia kasi yake kubwa kabla mkono haujanyooka kabisa, ndiyo maana mwalimu hukwambia ulenge nyuma ya kile unachokipiga. Na nishati huongezeka kwa namna ya ajabu: ukizidisha kasi mara mbili, nishati huwa mara nne. Kwa hiyo mtu mwembamba mwenye kasi anaweza kuvunja tofali linalomshinda mnene. Mfupa wenyewe, ukipangwa vizuri, unastahimili zaidi ya saruji.

Na ile ngumi maarufu ya Bruce Lee, aliyoionyesha Long Beach, California, mwaka 1964, ya kumrusha mtu kutoka umbali wa inchi 1? Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha Imperial cha London waliwapima watu 12 wenye mikanda myeusi, wakawalinganisha na wengine 12 wanaofanya mazoezi ya kawaida. Waliwataka wapige kutoka umbali wa sentimita 5. Wenye mikanda walipiga kwa nguvu zaidi, na siri haikuwa ukubwa wa misuli. Siri ilikuwa mpangilio wa wakati, bega na kifundo cha mkono vikipokezana sawasawa. Hata ubongo wao, katika sehemu zinazoratibu miendo, ulikuwa umejengeka tofauti kwa sababu ya miaka ya mazoezi.

Naam, hiyo ndiyo nguvu ya ndani. Ipo, lakini hainunuliwi kwa wiki tatu za kuvuta pumzi ufuoni.

Sasa tuje kwenye uongo. Misuli ya tumbo iliyokazwa inaweza kupokea ngumi, hasa mtu akijua inakuja. Lakini wengu na ini vimejificha chini ya mbavu, na hakuna pumzi inayovikaza hivyo. Huenda umesikia habari za Harry Houdini, mfanya mazingaombwe aliyejigamba kuwa tumbo lake linastahimili ngumi. Mwezi Oktoba 1926 kijana mmoja huko Montreal alimpiga tumboni mara kadhaa. Siku chache baadaye Houdini alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo kilichopasuka. Wapo wanaosema ngumi zile ndizo zilizomwua, na wapo wanaosema alikuwa ameshaugua tayari akapuuza maumivu. Vyovyote iwavyo, majigambo hayakumsaidia.

Isitoshe, imani hii haikuanza kwetu Kipini. Mwaka 1900 huko Uchina, vijana waliofanya mazoezi ya ngumi na matambiko waliamini miili yao haiingiwi na risasi, wakaenda kuwakabili askari wa kigeni. Miaka 5 baadaye, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zigeuke maji. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwaunganisha watu wa makabila mengi kupinga dhuluma, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini risasi hazikugeuka maji. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengine kwa bunduki na wengine kwa njaa iliyofuata.

Nasi hatukuwa mbali na hatari hiyo. Mwaka 2012 na 2013, wakati mapigano yalipozuka katika delta ya Tana na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, binamu yangu alikuwa kijana wa makamo ya kubeba silaha. Aliniambia kwa simu kwamba usiku mmoja baadhi ya vijana walikuwa wakizungumza juu ya dawa za kukinga mwili. Yeye hakuwahutubia. Alifungua shati, akawasha tochi, akawaonyesha kovu lake kuanzia kifuani hadi kitovuni. "Mimi nilikuwa na kinga," akawaambia. Kisha akaenda zake nyumbani kuwafungia watoto mlango.

Yeye yu hai, alhamdulillahi, anavua samaki na ana watoto watatu. Lakini mtu asiye na wengu hushikwa vibaya na baadhi ya maradhi, kwa hiyo homa ambayo wewe na mimi tungeinywea panado, yeye humpeleka mbio kwa daktari. Kila ninapopigiwa simu kutoka Kipini usiku, moyo wangu hurudi nyuma ya jiko la bibi.

Je, nilimwondoa mwanangu kwenye karate? La, hasha. Karate inamfundisha adabu, inamfundisha kusalimu kabla ya kupiga, na inamchosha hata akalala mapema. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda naye nikakaa pembeni nikatazama. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Muulize mwalimu alijifunzia wapi na nani alimpa mkanda. Tazama kama watoto huruhusiwa kusema "basi" bila kuchekwa. Na sikiliza hadithi anazowasimulia baada ya mazoezi, kwani mtoto husahau pigo lakini hasahau hadithi.

Na lile swali la kisu? Usiku ule nilimketisha mwanangu, nikamwambia yote: mchi, pikapu ya samaki, magunia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ami alikusamehe?"

Nilimwambia ndiyo, alinisamehe. Nikamwambia pia kwamba ki ya kweli ni ile pumzi inayokuwezesha kusikia hofu yako na kurudi nyuma wakati wengine wanakuita mwoga. Mimi siku ile nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na akili kuniliko. Laiti ningeisikiliza.

Mwanangu alikwenda kulala. Kabla hajazima taa nilimwona akijipapasa kitovu kwa kidole, kana kwamba anahakikisha kipo.