Jina Langu Lilipanda Treni Bila Mimi

Kwa miaka mingi nimewasingizia Wajerumani. Nimewaambia ndugu zangu, nimewaambia wenzangu kazini, na baya zaidi, nimewaambia vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kusoma kule wakataka kujua maisha yakoje. Nilisema Mjerumani ni mtu wa darasani na kazini tu. Ikifika Ijumaa jioni anafunga mlango wake na mgeni ajijue mwenyewe. Nilisema nimesoma Leipzig mpaka nimemaliza na hakuna aliyenikaribisha hata kikombe cha chai. Si kweli. Nilialikwa, tena sana. Mimi ndiye niliyekuwa siendi, na jinsi nilivyokuwa siendi ndiyo iliyowafanya waache kunialika.

Chanzo ni fedha. Nilikwenda mwaka 2017 kwa gharama za ukoo. Wakati ule mwanafunzi aliyetoka nje ya Ulaya bila ufadhili alitakiwa aonyeshe euro 8,640 katika akaunti maalumu iliyofungwa, na akishafika aliruhusiwa kuchota euro 720 kwa mwezi, si zaidi. Euro moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,500 za Tanzania. Ili zitimie, baba aliuza kiwanja alichokuwa amekitunza kwa ajili ya uzeeni, mjomba akakopa SACCOS, shangazi wakachangishana kwenye vikoba vyao. Kikao cha kuniaga kilipofika mwisho, kila mmoja alisimama akataja alichotoa. Hawakufanya hivyo kunisimanga, ndivyo desturi ilivyo. Lakini nilivibeba vile viwango kichwani mpaka Leipzig, na kila nilipotaka kununua kitu ambacho si chakula wala kitabu niliona ninakula kiwanja cha baba.

Ukitoa kodi ya chumba cha hosteli, bima ya afya ambayo ni lazima, mchango wa muhula na simu, kilichobaki kilitosha kwa mtu anayejua kupika. Sheria iliruhusu mwanafunzi kama mimi kufanya kazi siku 120 nzima kwa mwaka, au nusu siku 240, na nilibeba boksi kama wengine. Karibu yote niliyoyapata huko yalirudi nyumbani, kwa sababu mdogo wangu alikuwa kidato cha tano, na mtu aliyeko Ulaya akisema hana haaminiki. Nikawa naona aibu kusema sina nyumbani, halafu nikaona aibu kusema sina na kule kule.

Anayefika Leipzig mara ya kwanza huiona Jumapili kama siku ya msiba. Maduka yamefungwa, barabara tupu. Katiba yao inailinda siku hiyo iwe ya mapumziko, kwa kifungu walichokirithi kutoka katiba ya Weimar ya mwaka 1919. Mgeni anajifungia ndani akidhani mji umelala, kumbe watu wamehamia kwingine. Wako majumbani, saa kumi alasiri, wanakula keki na kahawa. Wako bustani ya Clara Zetkin wamekaa kwenye nyasi na majiko madogo ya mkaa. Wako ufukoni mwa ziwa la Cospuden, ambalo lilikuwa shimo la kuchimbia makaa ya mawe mpaka machimbo yalipofungwa na shimo likajazwa maji. Kwa wanafunzi, sehemu kubwa ya mambo hayo haigharimu kitu. Unabeba ulicho nacho, mwingine anabeba alicho nacho, mnakaa.

Nilipoalikwa nilijibu kwamba nitakuja. Siku ikifika, simu nilikuwa nimeizima.

Ningeweza kusingizia malezi. Kwetu Morogoro mtu akikualika shughulini humkatalii usoni. Unaitikia vizuri, na usipotokea hakuna aliyeharibikiwa, sufuria imepikiwa mtaa mzima. Lakini sitaki kujificha humo. Muhula wa kwanza haukwisha kabla sijaelewa kwamba kule neno la mtu linahesabiwa. Ukisema utakuja, viti vinapangwa kwa hesabu yako, viazi vinanunuliwa kwa hesabu yako. Nilijua, na bado niliendelea kuitikia.

Wikiendi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya masika ya 2018, maana masika yao ni kule kuchipua kwa miti baada ya baridi. Dada mmoja Mjerumani, jirani yangu katika korido ya hosteli, aliandaa safari ya kwenda Bastei, milima ya miamba iliyo juu ya mto Elbe, mbele ya Dresden. Kitambulisho chetu cha uanafunzi kilikuwa tiketi ya Leipzig na maeneo yanayoizunguka, Dresden haikuwamo. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wakinunua tiketi ya jimbo, ambayo watu watano wanaweza kuitumia siku nzima katika treni za kawaida, si zile za mwendo kasi. Inavyozidi kujaa ndivyo inavyozidi kuwa rahisi: watano mkitimia, wakati ule kila mmoja alitoa kama euro kumi hivi. Nilisema nitakuja, nikawa mtu wa tano.

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa macho tangu alfajiri. Nilikaa kitandani nikiangalia simu inavyotetemeka juu ya meza. Euro kumi nilikuwa nazo. Nilichoogopa ni kitakachofuata: wakiingia mgahawani nitaagiza nini, wakisema tupite mahali pengine nitatokaje. Saa sita mchana nikaandika kwamba nimeamka na homa. Akanijibu nipone haraka, na kwamba akirudi ataniletea supu. Jioni alikuja nayo kweli, akagonga. Sikufungua. Aliiacha chini, mlangoni, imefunikwa kwa sahani.

Usiku mama alipiga. Aliuliza kwa nini Jumamosi nzima niko ndani peke yangu, na nikamwambia hawa watu hawatutaki sisi weusi. Mama alishangaa lakini aliamini, kwa sababu alikuwa amesikia habari za Dresden, ambako tangu Oktoba 2014 kundi liitwalo Pegida lilikuwa likiandamana Jumatatu baada ya Jumatatu kupinga wahamiaji, hasa Waislamu.

Hili ndilo ninaloliungama kwa uchungu zaidi. Ubaguzi upo kule. Mimi mwenyewe nimetukanwa ndani ya tramu watu wakitazama dirishani, na wapo wenzangu waliofanyiwa makubwa kuliko hayo. Ila siku ile hakuna aliyenibagua. Nilichukua jambo la kweli, jambo linaloumiza watu, nikalifanya blanketi la kufunika aibu yangu ya fedha. Na nililitumia tena na tena kwa sababu lilifanya kazi: ukishasema umebaguliwa, mtu wa nyumbani haulizi swali la pili. Anayelia kwa kuonewa kweli ana haki ya kunikasirikia, maana watu wakigundua uongo kama wangu, yeye ndiye asiyesadikiwa.

Mialiko ilipungua, kisha ikakoma. Mimi nikaihesabu kuwa ushahidi.

Kiangazi cha 2019, karibu na kumaliza, dada yule yule alinialika mara moja tena, safari ile ile ya Bastei. Bado sielewi alipata wapi moyo huo. Nilikwenda. Katika kituo kikuu cha Leipzig alitoa tiketi ile ndefu ya karatasi na kalamu, kwa sababu kila abiria lazima jina lake liandikwe juu yake, na akanipa mimi kwanza. Akasema, bila ukali wowote, kwamba safari iliyopita yeye ndiye aliyeniandika, wakaiacha treni ya kwanza iende wakidhani nimechelewa, kisha jina langu likazunguka jimbo la Saxony kutwa nzima pasipo mwenyewe. Sehemu yangu walilipa wale wanne. Hakuna aliyenidai.

Tulipofika Rathen, chini ya Bastei, tulivuka Elbe kwa pantoni isiyo na injini. Imefungwa kwa waya mrefu uliotiwa nanga mtoni, upande wa juu. Nahodha anaigeuza kidogo ikae mshazari, na mkondo wenyewe unaisukuma hadi ng'ambo. Tukapanda ngazi mpaka kwenye daraja la mawe lililojengwa mwaka 1851 kati ya miamba inayosimama mita 194 juu ya mto. Mgahawa upo pale juu. Hakuna aliyeuangalia. Walikaa kwenye jiwe, wakafungua mikate yao ya jibini iliyofungwa kwa karatasi, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, na mmoja akanisukumia yai bila kuniuliza. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeuogopa mgahawa ambao wao pia hawakuwa na uwezo nao.

Wakati wa kurudi, dada yule aliniambia anaishi kwa msaada wa serikali uitwao BAföG, ambao nusu yake ni mkopo wa kurudisha, na kwamba asubuhi nyingi anauza mikate kabla ya masomo. Nilikwenda kusoma habari zake. Kiwango cha juu kabisa cha msaada huo wakati ule kilikuwa euro 735 kwa mwezi. Zile 720 zangu zilikadiriwa kwa kuufuata msaada huo huo. Hali yetu ilikuwa karibu sawa, tofauti ni kwamba wao walikuwa wakisema. Mmoja alisema mwezi huu hana, wakapanga matembezi ya miguu badala ya treni. Nilikuwa nimeisikia mipango kama hiyo mara nyingi jikoni kwetu na sikuwahi kujiuliza maana yake.

Ningeishia hapo, kosa lingekuwa la kijana mwenye aibu. Lakini miezi michache baadaye, nikiwa najua haya yote, kijana wa mtaani kwetu aliyepata chuo katika mji mwingine wa Ujerumani alinipigia kuuliza aishi vipi na wenyeji. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikaona nikimwambia, habari zitamfikia mama, na mama atajua nilimdanganya. Basi nikarudia wimbo ule ule: mdogo wangu, hao usiwazoee, wikiendi kaa ndani usome, urafiki wao ni wa maneno.

Alinisikiliza kama kaka yake. Machi 2020 corona ikaja. Tangu tarehe 22 watu wa nyumba tofauti hawakuruhusiwa kukaa zaidi ya wawili pamoja hadharani. Aliyekuwa na hata mtu mmoja wa kutembea naye bustanini alikuwa na bahati. Yeye hakuwa naye. Mwaka uliofuata alirudi Tanzania bila shahada. Zipo sababu nyingine, masomo ya mtandaoni yalimlemea na kazi zilikosekana, nami sijifanyi kwamba nilishika maisha yake yote mkononi. Nilishika kipande.

Mwaka huu nilimpigia nikamweleza kila kitu, tangu kiwanja cha baba hadi supu iliyoachwa mlangoni. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Kaka, kuna jirani alikuwa akinigongea kila Jumamosi kuniuliza kama ninataka kutoka. Nilikuwa namjibu nikiwa ndani, bila kufungua. Nilikuwa nafuata ulichoniambia."

Nikamwomba msamaha. Amesema atafikiri, na sijamsumbua tena. Mama nimekwenda kumwambia mwenyewe, ana kwa ana. Alichouliza ni kama sahani ya watu niliirudisha. Niliirudisha, lakini usiku, nikaiacha chini mlangoni kwake bila kugonga.