Kidole Hupima Tabo Barabara ya Kirinyaga

Barabara ya Kirinyaga, karibu na Mto Nairobi, zamani ilichukua jina la mlowezi Ewart Grogan, na wapo wenyeji ambao wangali wakiiita Grogan. Hapa huuzwa vipuri, vipya kwa vikuukuu: milango, taa, hata injini nzima. Miongoni mwake imo tabo, kifaa kinachotafutwa na vijana wenye Subaru, gari lililojijengea sifa Kenya katika mashindano ya Safari, ambako Colin McRae alishinda nalo mwaka 1997.

Tabo haina uchawi. Moshi utokao injinini huzungusha feni moja. Shafti huizungusha feni ya pili, nayo hushindilia hewa ndani ya injini. Mizunguko yake huweza kupita 100,000 kwa dakika, shafti ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichafuka, bushi huliwa.

Basi mnunuzi, kabla hujafungua pochi, ishike shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo upande kwa upande, si neno; ikienda mbele na nyuma waziwazi, au feni ikikwaruza ganda lake, iache. Kipande cha feni kikimezwa na injini, huenda injini yote ikaharibika, na karo ya watoto ikapotelea humo.

Nawe muuzaji, usifute oili iliyovuja kisha ukanyamaza. Mwache mwenzio akague mchana kweupe. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.