Kuburuta, Kudondosha, Kutua

Marehemu baba aliacha tenzi mbili katika daftari moja. Masika fulani daftari liliingia maji, uzi wake ukaoza na kurasa zikatawanyika. Utenzi wa kwanza una beti 214, wa pili 187. Nilizipiga picha kurasa zote, nikakata kila ubeti uwe kadi yake katika programu ya kuhifadhia nyaraka, na chini ya kila kadi nikaandika maelezo ya maneno magumu. Kosa langu ni kwamba nilizirundika kadi zote mahali pamoja. Programu ile haina amri ya kuzipanga. Inakubali njia moja tu: uishike kadi kwa kipanya, uiburute hadi kwenye folda ya utenzi wake, uiachie. Kuzihamisha faili nje ya programu kungepoteza maelezo yangu yote.

Kadi 401 kwa mkono mmoja ni adhabu. Nikaandika skripti ya Python iigize mkono wangu: bonyeza kitufe cha kipanya mahali hapa, nenda mahali pale, achia. Nikaiwasha, nikaegemea kiti. Kishale kiliruka kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine kama panzi, mara ishirini, thelathini, na kadi hazikutikisika. Nilibadilisha vipimo, nikaongeza kasi, nikapunguza, nikailaumu kompyuta. Jioni mbili zilikwenda hivyo.

Nilikuwa nimekaa barazani Bigwa, mlima umejifunika ukungu hata minara ya Bondwa haionekani, nikilirudia neno lenyewe kama mtu anayetafuta kina. Buruta. Utotoni tulikuwa tukiteremsha mianzi kutoka mabondeni huko juu. Mirefu haibebeki, basi unaishika shina na kushuka nayo, na ncha zake zinachora udongo njia nzima, kiasi kwamba mama aliweza kutufuata kwa kuangalia michirizi. Anayebeba mzigo aweza kuruka mfereji. Anayeburuta hawezi; kila shubiri ya njia lazima iguswe.

Skripti yangu ilikuwa haiburuti. Ilikuwa inatoweka hapa na kuibuka pale, na hilo Kiswahili hakiliiti kuburuta. Nilipoichunguza programu kwa jicho hilo, mambo yalilingana. Kitufe kinapobonyezwa, kompyuta haijui bado kama unabofya au unataka kuburuta. Husubiri kishale kisogee kidogo huku kitufe kikiwa chini. Katika Windows kiasi hicho kwa kawaida ni pikseli 4, na kikipitwa ndipo kadi inapong'oka mahali pake. Kisha programu hufuata kila hatua ya safari ili ijue kadi iko juu ya nini. Mimi nilikuwa nikiipa hatua moja tu, tena kubwa, na kitufe nimeshakiachia kabla haijajiandaa. Nikaiandika upya: bonyeza, tulia kidogo, sogea pikseli kumi polepole, kisha safiri kwa hatua ndogondogo kwa muda wa sekunde nzima. Kadi ya kwanza iling'oka, ikaelea, ikaenda. Nilipiga kelele peke yangu.

(Nilipoihamishia skripti kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani, haikufika popote tena. Huko skrini imekuzwa hadi asilimia 125, na palipopimwa 400 sasa ni 500. Hilo nililimaliza kabla chai haijapoa.)

Usiku mmoja ikapanga kadi zote. Asubuhi nikamsomea mama utenzi wa pili kwa sauti. Wanaoghani wanajua: kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina chao, na cha nne hurudi kwenye kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utenzi ule unarudi kwenye -ni. Nilikuwa naona baadhi ya namba alizoandika baba pembeni zimerukwa, nikadhani kurasa zimepotea. Tukaufungua wa kwanza, ambao hurudi kwenye -ya. Tulipofika karibu na ubeti wa sitini mama aliinua mkono.

“Mwanangu, hapo pamekatika. Rudi.”

Nikarudi. Ubeti ulikuwa umeishia -ni. Ulikuwa wa utenzi wa pili, umeketi kwa wenyeji kama mgeni asiyebisha hodi. Tulihesabu kumi na tisa wa namna hiyo.

Hapa ndipo ninapogombana na neno la pili. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, tumezoea kuona programu zikisema kwa lugha yetu, nami nashukuru. Lakini huu msemo ulioenea, “buruta na udondoshe”, una hitilafu. Kinachodondoshwa huachwa kianguke. Skripti yangu ilidondosha hasa: ilifika na papo hapo ikaachia, na kwa kuwa folda ya utenzi wa pili iko chini ya ile ya kwanza, kompyuta ilipochelewa kidogo ilikuwa bado inadhani kadi iko juu ya folda iliyopitwa njiani.

Watazame akina mama wanaoshuka kutoka Kinole na mikungu ya ndizi kichwani. Wakifika hawadondoshi. Wanainama, mzigo unagusa chini, wanauacha utulie, ndipo wanaondoa mikono. Kiswahili kina neno lake, kutua. Nikaifundisha skripti kutua: ikifika juu ya folda icheze pikseli mbili tatu, isubiri nusu sekunde hadi jina la folda ligeuke rangi, ndipo iachie. Nikazirudisha zile kumi na tisa, zikaenda kwao.

Nikamsomea mama tenzi zote mbili upya. Katika ule wa pili, ubeti wa 131 uligoma: kipande cha mwisho kiliishia -mu. Nilinyanyuka kuifungua skripti, kisha nikaichukua karatasi yenyewe. Namba ni ya baba, mwandiko ni wa baba, na beti zilizo juu na chini yake katika ukurasa huohuo zinaishia -ni.

“Huo aliughani hivyo siku zote,” mama alisema. “Uache.”