Shanga Nyekundu, Shanga Nyeupe



Ijumaa ya mwisho ya Septemba shoga yangu alinikokota kwenda kwenye Usiku wa Watafiti wa Ulaya, hapa Dublin ninakosoma. Ni jioni ambayo tangu mwaka 2005 vyuo vikuu vya Ulaya hufungua milango bure, ili watu wa kawaida, watoto kwa wazee, waone watafiti wanafanya nini. Tuliswali magharibi, tukatoka. Nilikwenda kutembea tu. Kichwani mwangu mlikuwa na hina, singo na shela, maana harusi yangu ni Januari, inshaAllah.

Kwenye meza moja binti mmoja aliweka mabakuli mawili. "Huyu baba, huyu mama," alisema. Kila bakuli lilikuwa na ushanga mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Nyekundu ni kinasaba cha selimundu. Nikafumba macho, nikachota mmoja huku na mmoja kule. Nyekundu mbili.

"Mtoto huyu ataumwa," alisema taratibu.

Nikamkumbuka kaka yangu, Mungu amrehemu. Alifariki akiwa na miaka 9. Nyumbani tulisema ana maumivu ya viungo. Mama alisema ni kudra, na mazungumzo yakaishia hapo. Mchumba wangu anajua nilikuwa na kaka. Hajui alikufa kwa maradhi gani.

Nikauliza, "Na ndugu yake aliye mzima?"

Akapanga jozi nne mezani: nyekundu mbili, nyekundu na nyeupe, nyeupe na nyekundu, nyeupe mbili. Akaiondoa ile ya kwanza. "Huyo haumwi, kwa hiyo hii si yake." Zikabaki tatu, na mbili kati yake zina nyekundu. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Alinieleza kwamba mwenye nyekundu moja kwa kawaida haumwi, na hata hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionesha hilo mwaka 1954. Ndiyo maana kinasaba hiki ni kingi kwetu. Si laana, wala si ukoo mbaya. Lakini wakioana wawili wenye nyekundu moja moja, kila mimba ni kuchota upya: nafasi moja kati ya nne mtoto kuumwa. Mwenzako akiwa na nyeupe mbili, hakuna mtoto wenu atakayepata nyekundu mbili.

Usiku ule nilimpigia mchumba wangu Unguja. Nilimwambia yote, hata yale ambayo mama hakupenda yasemwe. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema." Alisema kweli, nami sikujitetea. Halafu akauliza kipimo kinafanywa wapi.

Ni kipimo cha damu tu. Mimi nimeshatoa yangu, yeye atatoa wiki hii. Majibu bado, na sijui yatatupeleka wapi. Najua tu kwamba tutayasoma pamoja kabla ya nikaha, si wodini baadaye tukiwa na mtoto mkononi.

Wewe uliyeposwa, muulize mama yako watoto wa ukoo wenu walikufa na nini. Muulize kwa adabu, lakini muulize. Na mniombee dua.