Maji ya Zege

"Zege halilali," husema vijana wa bara, na siku hizi wanalisema kwa kila kitu: mkopo, posa, kampeni za uchaguzi. Mimi nikilisikia huwaza Ruwi, bonde lile la Maskati, nyuma ya Matrah, mwaka 1977, ambako zege lilikuwa likitaka kulala kabla hujalifikisha, na mshahara wangu ulikuwa wa kulizuia lisilale.

Nilifika Oman mwaka 1975 kwa njia ya Dubai. Sultan Qaboos alishika nchi Julai 1970 na akawaita Waomani waliotawanyika ng'ambo warudi wajenge kwao. Mwaka ule alioshika, nchi nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi. Wenzetu wa Unguja waliosoma, wenye Kiingereza chao, wakachukuliwa wizarani na kwenye kampuni za mafuta. Mimi kisomo changu kilikuwa chuo cha Kurani na usukani. Pemba nilikuwa nikiendesha gari la karafuu, gunia juu ya gunia, milima ya Wete na Chake. Nikajiambia, atakayeweza milima ile usiku wa mvua ataweza chochote. Kumbe mzigo wa karafuu umetulia. Ukiufunga vizuri, unaweza kulala njiani na asubuhi ukaukuta kama ulivyouacha.

Gari nililopewa lilikuwa Mercedes ya pua, magurudumu kumi, na pipa la kuchukua mita sita za zege. Mita moja ya zege ina uzito wa tani mbili na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo mgongoni una tani 14 na ushei, na zimekaa juu, si chini. Ndani ya pipa mna mapanga ya chuma yaliyojipinda kwa kuzunguka. Pipa likizungushwa upande huu, mapanga yanausukuma mchanganyiko ndani. Ukiligeuza, yanautoa nje kwenye mlizamu wa bati. Wakati wote wa safari pipa linazunguka polepole, mara mbili tatu kwa dakika, na zege linapanda ubavu mmoja wa pipa na kubaki huko. Ndiyo maana kona ya upande mmoja unaipita salama, na kona ya upande wa pili, kwa mwendo ule ule, gari linainama mpaka unasoma shahada. Na Oman wanaendesha kulia, mizunguko ya barabara iko kila mahali, nami mikono yangu ilikuwa imezoea kushoto. Miezi ya mwanzo niliendesha kwa mwendo uliowafanya madereva wenzangu wa Kibaluchi wanicheke.

Mlima ulikuwa na elimu yake. Ukipanda kichwa mbele na pipa limejaa, zege linamwagika nyuma barabarani. Kwenye vilima vya Qurum tulikuwa tukipakia mita tano badala ya sita, na penye mwinuko mkali tukipanda kinyumenyume, mdomo wa pipa ukielekea juu, utingo anakimbia ubavuni akipiga kelele na kuashiria. Watoto walikuwa wakitoka majumbani kuja kututazama.

Kanuni iliyokuwa ikifuatwa na wengi ni saa moja na nusu tangu maji yaguse saruji hadi zege litoke kwenye pipa. Kanuni hiyo iliandikwa na watu wa nchi za baridi. Maskati mwezi wa Juni joto linapita nyuzi 45, pipa la chuma limekaa juani, kokoto zenyewe zimeshinda juani tangu alfajiri. Wahandisi walitaka zege lisizidi nyuzi 32 linapomwagwa. Basi kokoto zikatiliwa vivuli na kunyunyiziwa maji, mapipa yakafungwa magunia mabichi, na kwenye mchanganyiko ikatiwa barafu iliyovunjwavunjwa badala ya sehemu ya maji. Na kazi kubwa ikahamia usiku. Ramadhani za mwanzo wa miaka ya 80 ziliangukia Juni na Julai, na hizo ndizo ninazozikumbuka kwa mapenzi kuliko zote: tunafuturu tende na laban tumeegemea magurudumu, tunasali, halafu tunamwaga zege hadi daku. Mji ule ulikuwa ukijengwa usiku. Aliyelala mapema aliamka akakuta ghorofa imeongezeka.

Watu hudhani shida yetu ilikuwa barabara. La. Barabara zilikuwa tupu, isipokuwa mvua inyeshe milimani na wadi, yaani mto wa mvua, ishuke ikate njia, hapo unakaa ng'ambo ya maji na pipa linazunguka na saa inakwenda. Kuchelewa kwingi kulikuwa pale pale kwenye ujenzi. Unafika, nondo hazijafungwa. Mbao za boksi hazijaegemezwa. Mkaguzi amekwenda kula. Kreni ina ndoo moja na ndoo ina tundu. Zege ndani ya pipa linaanza kukaza, unalisikia kwa sauti: mwanzo linachapa kwa majimaji, halafu linaburuza, halafu linagonga.

Hapo ndipo zinapoanza kelele za maji.

Kila gari la zege lina tangi la maji nyuma ya kibanda cha dereva, na mfereji wake uko mkononi mwa dereva. Maji yale ni ya kuoshea pipa na mlizamu baada ya kumwaga. Lakini wale wenye makoleo, waliosimama ndani ya nondo tangu magharibi, hawataki zege zito. Zege zito linakataa kwenda, unalisukuma kwa nguvu za kiuno mpaka pembeni mwa nguzo. Lipe maji, linakwenda lenyewe. Basi Mhindi anaita "pani!", Mwarabu anaita "moya!", Mwingereza anaita kwa lugha yake, na wote wanakutazama wewe.

Mambo yenyewe si magumu. Saruji ili ikamate inahitaji maji kama robo ya uzito wake. Tunatia karibu nusu, kwa sababu bila hivyo halichukuliki. Yanayozidi hapo hayana kazi ndani ya jengo. Yanakauka na kuacha vitundu, na zege lenye vitundu ni dhaifu. Mzee mmoja wa Kipunjabi kwenye planti ya kuchanganyia zege, mwenye kupima kila gari kabla halijatoka, alinifundisha hayo kwa koni ya bati ya sentimita 30: unaijaza zege, unalishindilia kwa nondo, unaivuta koni juu, unapima zege limeporomoka kiasi gani. Likiporomoka sentimita 8, nenda na salama. Likitandazika kama uji, rudisha. Alikuwa hasemi sana. Alinionyesha vibao vya majaribio, miraba ya sentimita 15, inavyovunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, na akanipa mkononi vipande vya zege lililotiwa maji ya ziada. Nilivivunja kwa vidole. Somo lote lilikuwa hilo.

Kwa hiyo mhandisi yuko planti, hamuoni msimamizi. Msimamizi yuko juu ya ghorofa, hamjali mhandisi. Baina yao yuko dereva asiyejua kusoma Kiingereza, ameshika mfereji. Mimi nimeona matajiri wakijisifu kwa majengo yao na wasanifu wakipigwa picha, na sikumsikia hata mmoja akimtaja huyu. Sisemi kwa uchungu. Nasema ndivyo mji ulivyojengwa.

Silaha yetu ilikuwa tiketi. Kila safari ilikuwa na karatasi yenye saa ya kupakia, aina ya mchanganyiko na mahali pa kutia sahihi. Msimamizi akitaka maji, namwambia: "Ahlan wa sahlan, bwana mkubwa. Andika hapa umeomba maji, kiasi gani, utie sahihi." Nampa kalamu. Wengi walinuna wakaondoka. Wachache walitia sahihi, nikawafungulia, nikaihifadhi karatasi. Mmoja alipanda juu ya ngazi ya gari na kutaka kuufungua mfereji mwenyewe, nami nikaliondosha gari hatua mbili tatu naye akining'inia. Alinitukana kwa lugha nisiyoijua, na bora hivyo.

Kulikuwa na maji mengine mabaya zaidi, ya chumvi. Miaka ile ya mwanzo kila mtu alikuwa na haraka, visima vya pwani vilikuwa na magadi, na mchanga wa ufukweni ulikuwa karibu na rahisi. Mtambo wa Ghubrah wa kusafisha maji ya bahari ulianza 1976, na kabla yake maji baridi yalikuwa kitu cha kubembelezwa. Chumvi haikosani na zege siku ya kwanza. Inakwenda kwenye nondo taratibu, inazitia kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kutoka ndani. Inaweza kuchukua miaka kumi, hata ishirini. Mwenye jengo atakuwa ameshaliuza.

Magari ya zamani yalikuwa na injini mbili: kubwa ya kuendeshea gari, na ndogo ya kuzungushia pipa. Ile ndogo ndiyo iliyotutoa roho. Inakufa pale inapotaka, kwa kawaida saa sita mchana. Gari zima linakwenda na pipa limesimama, na tani 14 zinageuka jiwe mgongoni mwako. Dawa ni sukari. Si uchawi: sukari kidogo sana, kilo mbili kwa mzigo mzima, inachelewesha saruji kukamata; ukitia mfuko wa kilo ishirini, karibu inaliua kabisa. Ukishawahi hivyo unafungua mlango wa dharura uliopo tumboni mwa pipa, unachota kwa makoleo na mpira wa maji, watu wanne, mpaka jua linatua. Kila gari lilitakiwa liwe na sukari ya akiba. Yetu ilikuwa ikiishia kwenye chai ya Wabaluchi, na ulipofika wakati wa haja tulikuwa tukimkimbilia muuza duka, naye akidhani tuna harusi.

Na hata pipa likiwa zima, kidogo kidogo zege linaganda kwenye mapanga. Gari linakuwa zito, linachukua mita tano, halafu nne na nusu. Basi mtu anaingia ndani na nyundo na patasi, au na ile mashine ya upepo ya kuvunjia barabara. Mlango wenyewe unapita mabega kwa shida. Ndani ni giza, joto la tanuri, vumbi, na kila pigo linarudi kutoka pande zote za chuma. Tulijifunga vilemba puani na kutia pamba masikioni, hiyo ndiyo kinga iliyokuwapo. Nje lazima asimame mtu unayemwamini, ameshika ufunguo wa gari mfukoni, asije mwengine akaliwasha. Nilimchagua ndugu wa mke wangu, si kwa sababu alikuwa hodari bali kwa sababu alikuwa mwoga. Masikio yangu yanalia mpaka leo, usiku zaidi. Wawili kati ya wale waliokuwa wakiingia sana walirudi kwao Pakistani na kifua, na nilipata habari zao kwa barua mpaka barua zikakatika.

Katikati ya miaka ya 80 mambo yalikuwa yamebadilika. Saruji, ambayo mwanzo ilikuja kwa meli na magunia yake yakichanwa kwa visu, ikawa inatengenezwa huko huko Oman, Rusayl. Mwaka 1985 jumba la Al Bustan likafunguliwa kwa mkutano wa wakuu wa Ghuba, mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikapokea wanafunzi wa mwanzo. Magari mapya yakaja, pipa likizungushwa na injini kubwa ile ile kwa nguvu za mafuta ya haidroli, na bomba la kusukumia zege hadi ghorofani likamaliza kazi ya ndoo na makarai. Kelele za maji hazikwisha. Bomba nalo linapenda zege jepesi.

Ukipita Ruwi leo utaona majengo ya miaka ile yamesimama, mengi tu, na mengine yana mistari ya rangi ya kutu chini ya roshani, imepakwa chokaa na imetokeza tena. Moja nalijua vizuri. Tiketi zake nilizibeba mimi, na msimamizi wake alikuwa mwepesi wa kalamu. Mjukuu wangu alipotaka kupanga ghorofa ya pili pale, akanambia, "Babu, kodi yake rahisi, na pako karibu na soko," nilimjibu atafute mtaa wa Al Khuwair, tofauti ya kodi nitamlipia.